Tupeane uzoefu: antibayotiki ipi ilikuponya, ipi ilikutesa?

Mwana Ngamiani: Jana nimesimama duka la dawa hapa barabara ya 12, kaja kijana anakohoa, "nipe azuma". Kapewa hiyo antibayotiki, kaondoka, hakuulizwa chochote. Nikamkumbuka wifi yangu. Leteni yenu, nami nitaleta yake.

Wa Chumbageni: Mimi ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Nikapewa antibayotiki ya sipro, ikirudi sindano, ikirudi sipro tena. Mwishowe daktari mmoja akasema mkojo uoteshwe maabara, ajulikane mdudu na dawa inayomuweza. Majibu hayatoki siku hiyohiyo, ila yalipotoka mdudu alikuwa sugu kwa sipro, naitrofurantoini ikamuweza. Ikijirudia, daini kuotesha.

Da Pongwe: Kuotesha, kweli kabisa. Na sipro msimeze na maziwa wala mtindi, haiingii mwilini vizuri.

Mgosi wa Mlimani: Madafu na maji mengi tu, UTI inakwisha.

Wa Chumbageni: Mgosi, mtu ana homa na kiuno kinamkatika, dafu litamfaa nini?

Mwana Ngamiani: Ya wifi ni hii. Alipewa septrini dukani, antibayotiki yenye salfa. Mwanzoni shwari. Kisha homa, macho mekundu, midomo ikachubuka hata uji haupiti. Tukadhani surua. Naye anaendelea kumeza, maana kaambiwa amalize dozi. Asubuhi namvua kanga, ngozi ya mgongoni ikabaki kwenye kanga. Tukakimbilia hospitali ya Bombo, swali la kwanza la daktari: amekunywa dawa gani? Mzio wa salfa. Alipona, lakini jua likiwaka macho yanamuuma mpaka leo. Alipopata mimba, kliniki wakataka kumpa SP ya malaria, akasema mapema, kwani nayo ina salfa. Hakupewa.

Da Pongwe: Subhanallah.

Makorora: Mwili umenisisimka. Kwa hiyo upele ukitokea unaacha?

Mwana Ngamiani: Unaacha na unakwenda hospitali saa hiyohiyo, ukiwa na pakiti mkononi.

Muuza Dawa: Msitulaumu sisi tu. Mteja anakuja na jero anataka vidonge vinne. Ukimwambia dozi kamili, anahamia duka la pili.

Wa Chumbageni: Mwache ahamie! Vinne vinamtibu nini?

Muuza Dawa: Kodi ya fremu utanilipia wewe?

Duga Juu: Mimi nikipata nafuu naacha, zinazobaki naweka akiba.

Da Pongwe: Akiba ya dawa tena? Atakuja kuzimeza mtoto kwa ugonjwa mwingine kabisa. Meza siku ulizoandikiwa.

Mama Wawili, Mwanzange: Samahanini. Wangu wa miaka miwili ana mafua na kikohozi. Nimpe amoksilini?

Da Pongwe: Mafua ni virusi, mama, amoksilini haiyagusi. Mvue fulana akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Umri wake zikifika 40 au zaidi, au mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, huenda ni nimonia, mpeleke sasa hivi.

Mama Wawili, Mwanzange: 32. Mbavu hazibonyei, na ananyonya maziwa.

Da Pongwe: Mpe maji, uji, na asali kidogo. Usiku mhesabu tena.