Siku ya tano na Elden Ring, Margit hanipitishi: niendelee ao niache?

FundiKatuba: Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi. Nacheza Elden Ring, ule mchezo wa Wajapani wa FromSoftware uliotoka 2022. Nimeanza uchi, rungu mkononi, leveli 1. Margit, adui mkubwa anayelinda njia ya ngome ya Stormveil, ameniua kama mara 30. Anainua fimbo, nabingirika, anaishika juu mpaka nasimama, ndipo anaishusha. Silali. Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi.

YayaKamalondo: Sisi tulilipia dakika kwenye sali ya michezo. Umeme ukikatika, pesa imeenda. Siku moja kaka yangu alilia mbele ya watu!

BukariMoto: Mwache kwanza. Shuka kusini, eneo la Weeping Peninsula, ongeza uhai, ndipo urudi. Patches, mchuuzi wa humo mchezoni, anauza pingu ya kumfunga Margit kwa runi 5,000, ile pesa ya mchezo.

FundiKatuba: Runi ndiyo shida. Nimepoteza 90,000. Nilianguka gengeni, zikabaki pale, nikarudi kuziokota, nikaanguka tena, zikapotea.

BukariMoto: Leveli 1, rungu, runi 90,000? Umezitoa wapi?

FundiKatuba: Si zangu. Mashine ni ya mteja. Ilikuwa inazimika, feni imejaa vumbi jekundu, limeganda kama tofali. Nililitoa kwa mswaki. Nikaijaribu kama bado inapata moto. Nilianza na mtu wangu wa mchezo, juzi nikafungua mchezo wa mteja, mwenye runi zake. Nimeshamwandikia kwamba kipande hakijafika. Si wizi. Natafuta siku mbili nimrudishie.

MamaWaMapacha: Mwanangu, kitu cha mtu ni amana. Fundi wangu wa cherehani alivaa kikwembe changu kwenye matanga. Nilikitambua kwa mshono wa bega. Mwambie ukweli leo.

Petit_Kenya: Hadithi ya kutunga hii. Umeme wa siku tano Katuba umetoka wapi?

YayaKamalondo: Kweli kabisa! Kwetu tangu Jumapili giza.

FundiKatuba: Unakuja saa saba usiku, unaondoka alfajiri. Nimesema silali.

BukariMoto: Mutunge, musitunge, runi zinarudi. Mtu wa mteja amefika eneo la Mohgwyn? Ng'ambo ya korongo kuna ndege mkubwa. Mpige mshale, atakukimbilia, ataanguka mwenyewe. Runi 11,000 na kitu. Pumzika kwenye neema, ule mwanga wa kupumzikia, ndege atarudi. Mara tisa.

FundiKatuba: Amefika. Umeme umekuja sasa hivi.

FundiKatuba: Ndege wa sita ameanguka. Mama, nilitaka kufuta ule ujumbe wa kipande. Ameshausoma.