Mliopita kampuni za wahandisi washauri, tupeane uzoefu: mshahara unapanda au linapanda jina la cheo tu?

Kifusi G15
Wakuu habari za jumapili. Jana nimekutana na kijana mmoja Ubungo, alikuja kwangu fild akiwa bado chuo, leo yuko konsaltansi moja hapa Dar. Kanipa bizinesi kadi imeandikwa Senior Engineer, nikampongeza kwa moyo wote, tulivyokaa kwenye supu ndo akafunguka kwamba tangu asaini mkataba wa kwanza mshahara haujasogea hata elfu hamsini, kimebadilika cheo tu. Roho imeniuma kwa sababu ndo nilivyoishi na mimi kipindi changu. Sasa wale wa barabara, maji, majengo, umeme, wote mliokaa upande wa ushauri (dizaini na usimamizi) na sio ukandarasi, tuambiane ulianza na ngapi, ulipanda kwa njia ipi, na kilichokukwamisha ni nini. Kampuni msizitaje majina, hii fani ni ndogo.

Theodolaiti
Nilianza na laki saba kabla ya makato. Toa NSSF 10%, toa PAYE, toa bodi ya mikopo 15% ya mshahara wa msingi, kilichobaki mkononi nilipe chumba Kimara na nauli ya kwenda ofisini Mikocheni. Nilikuwa naomba Mungu nipelekwe saiti sio kwa sababu naipenda sana saiti ila posho ya saiti ndo ilikuwa mshahara wenyewe. Hapo ndo wanapokushikia: mshahara mdogo posho kubwa, siku mradi umeisha unarudi ofisini unajikuta huna kitu, na michango yako ya NSSF imekatwa kwenye ule mshahara mdogo.

Kisima Kirefu
Theodolaiti umemaliza kila kitu. Posho kama ile haikukatiwa NSSF, vijana liangalieni sana hilo.

Mama Nondo
Mimi niongee kwa upande wetu wanawake. Dizaini za ile barabara nilizifanya mimi, mistari ya mlalo na wima yote kwenye programu ya Civil 3D, makalavati yote, mpaka ripoti ya mwisho niliiandika mimi na mteja akaipitisha. Usimamizi wa ujenzi ulipokuja kampuni ikatakiwa kupeleka msaidizi wa RE, yaani mhandisi mkazi anayesimamia saiti, nikajua ni mimi kwa sababu hakuna mtu ofisini aliyekuwa anaijua ile barabara kama mimi. Akapelekwa kaka mmoja aliyeajiriwa nyuma yangu. Nikamfuata bosi, akaniambia "binti yangu kule ni porini na wewe una mtoto mdogo". Hakuna aliyeniuliza kama naweza kwenda, wamekaa wanaume wameniamulia. Yule kaka kule alikuwa ananipigia simu mpaka saa nne usiku nimuelekeze michoro, na miaka miwili baadaye CV yake ina "msaidizi wa RE" yangu ina "mhandisi wa dizaini", kwenye tenda iliyofuata yeye akawekwa kwenye nafasi yenye reti (bei ya mtu kwenye tenda) kubwa kuliko mimi. Uzazi wenyewe siku zangu 84 za kisheria nilizipata ila nimerudi nimekuta meza yangu imepewa mtu na mimi naambiwa nisaidie kukusanya nyaraka za tenda.

Greda la Zamani
Pole sana dada. Kwenye hii kazi ukikosa saiti moja umekosa na tatu zinazofuata, maana tenda inaangalia uliwahi kushika nafasi gani kwenye mradi unaofanana na huu.

FTC Daima
Mnalia nyie wenye digrii! Sisi mafundi sanifu tuseme nini? Nimekaa maabara ya saiti tangu zamani, nimefundisha mainjinia kibao kupima CBR, kile kipimo cha uimara wa udongo, wanakuja hawajui hata kuosha sampuli, baada ya muda wanakuwa mabosi wangu. Karatasi ya majibu najaza mimi, anasaini yeye, na mshahara ni wa kwake.

Theodolaiti
FTC Daima usichanganye mambo, kusaini ni kubeba dhamana. Barabara ikiharibika ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, inamuita aliyesaini haimuiti aliyepima.

FTC Daima
Dhamana gani kaka, umewahi kuona nani kafutiwa usajili kwa ajili ya kipimo? Hebu tuheshimiane. ERB hiyo hiyo inasajili mafundi sanifu, na sisi ni watu wa taaluma.

Kifusi G15
Jamani msigombane, wote mnanyonywa na mkono mmoja. Turudi kwenye mada.

Dampi Levo
Acha niseme yangu, nimekaa nayo muda mrefu na hii mada imenitibua.

Nilikuwa injinia wa vifaa vya ujenzi, yaani wa kupima ubora wa kifusi na matabaka, kwenye mradi wa barabara huko Nyanda za Juu Kusini. Kama mnavyojua, magari ya mhandisi, nyumba, samani na mafuta vyote viko kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei za mkataba), Bili namba moja, vinatolewa na mkandarasi. Hilo ni la kawaida na halina shida kama ofisi yako inakulipa. Sasa mteja akachelewesha malipo, ofisi ikasema haina hela, mshahara ukakatika. Mwezi wa kwanza tukavumilia, wa pili RE akaaga anaenda kliniki Dar hakurudi, mtu wa vipimo vya ardhi akapata kazi kwingine. Nikabaki mimi, tekinishani mmoja na dereva. Ada ya mtoto imefika, mke wangu ananipigia nakosa la kumjibu. Tunakula wapi? Kantini ya mkandarasi, kila siku wali na kabichi pamoja na watu ambao kazi yangu ni kuwakagua.

Tukawa tunaweka tabaka la kifusi cha daraja la G45. Boza la maji likafa wakaendelea hivyo hivyo, kifusi kikavu, rola inapita vumbi tupu. Nikaenda asubuhi na tekinishani tukachimba vishimo vyetu, tukamwaga mchanga wa kupimia, tukapima. Mshindilio unatakiwa 95%. Tunapata 91, 92, shimo moja 89. Nikaandika wafumue, wamwagie maji, wachanganye upya washindilie tena. Sehemu yenyewe haikuwa fupi.

Jioni meneja mradi wao akaja kwangu na mkalimani. Kwa upole kabisa. Akasema anajua ofisi yangu haijanilipa, na yeye ni binadamu, anaweza kunikopesha mshahara wa miezi yote nije nimlipe nikilipwa. Bahasha aliiweka juu ya meza kwenye rejista ya vipimo. Juu ya rejista! Nikaisukuma kwake nikamwambia asante, kesho naomba boza liwe limepona.

Kesho yake ikafika barua makao makuu ya kampuni yangu kwamba nakwamisha kazi. Nilitegemea ofisi inilinde. Mkurugenzi kanipigia anasema "kijana, kuwa mwepesi kidogo, ukikwamisha kazi hati ya malipo haitoki, na wewe ndo huyo huyo unalalamika mshahara". Nilikaa chini pale pale barabarani. Watu mliofanya usimamizi mnaelewa nilichoambiwa hapo, nipitishe tabaka bovu.

Sikusaini. Nikaandika kwenye kitabu cha saiti matokeo ya shimo kwa shimo na chaini zake (umbali wa kila shimo barabarani), nakala nikampelekea mteja. Zikanyesha mvua mbili za nguvu, tabaka likawa uji, wakafumua wenyewe. Mimi nikahamishiwa Dar "kuimarisha timu ya ripoti", mkataba ulipoisha hawakuongeza. Mshahara wa miezi ile niliupata baada ya kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kisima Kirefu
Dah. Mkuu nimesoma mara mbili. Heshima kwako.

Mama Nondo
Bahasha juu ya rejista ya vipimo. Mungu akubariki kaka yangu, kuna watu wanapita hapo salama kwa ajili yako.

Mkaa Saiti
Mimi nitasema tofauti na mtanielewa vibaya. Mtoto yuko nyumbani karudishwa ada, halafu unapigania densiti ya mradi ambao mwenye mradi mwenyewe hajakulipa? Mimi ningekopa, na tabaka ningelikataa vile vile.

Dampi Levo
Ukishakopa huwezi kukataa ndugu yangu. Siku ya pili anakukumbusha deni.

Greda la Zamani
Mkaa Saiti unasema hivyo kwa sababu hujawahi kushika nafasi ile. Umeshawahi kukaa saiti kweli au jina tu?

Mkaa Saiti
Usinivunjie heshima, nimekaa saiti wakati wewe uko sekondari.

Mzee wa Bahasha Mbili
Naomba na sisi wenye kampuni tusikilizwe. Nina kampuni ndogo ya ushauri, nimesoma yote na ya Dampi Levo yameniumiza, yule mkurugenzi alikosea sana na hakuna namna ya kumtetea. Ila jueni na upande huu. Natoa ankara leo, VAT 18% inadaiwa kwa ankara ile, mteja analipa baada ya miezi sita au mwaka. VAT nimeshailipa kutoka mfukoni. Akilipa anakata kodi ya zuio 5%. Hapo katikati nina ovadrafti benki na riba inakimbia. Tenda zenyewe tunashushana bei wenyewe kwa wenyewe, mtu anaweka reti ya injinia ambayo hata wewe uliyeajiriwa ukiiona utashangaa, anashinda, halafu mishahara itatoka wapi? Sio kila mwenye kampuni ni mnyonyaji.

Theodolaiti
Mzee shikamoo, nakuheshimu ila hapa lazima tuseme. Mimi niliwahi kutumwa kutoa kopi bahasha ya fedha, ile ya bei za tenda, nikaona jina langu. Kwenye mchanganuo wa reti kuna mshahara wa msingi, makato ya kijamii, gharama za ofisi na faida ya kampuni. Ofisi ina gharama zake na kampuni lazima ipate faida, hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni ule mstari wa kwanza, mshahara wa msingi ulioandikwa pale ulikuwa karibu mara mbili ya ninaolipwa! Maana yake mteja anaambiwa mimi nalipwa vile. Mzee naomba unijibu hilo.

Mzee wa Bahasha Mbili
Marhaba kijana wangu. Hilo ni kosa. Fomu zinataka kampuni ithibitishe mishahara iliyoandikwa imetoka kwenye vitabu vyake vya malipo. Kuna wanaojaza hivyo wakisema mradi ukipatikana watapandisha, halafu hawapandishi. Siwezi kulitetea.

Theodolaiti
Asante kwa kusema ukweli mzee wangu.

Nai Structures
Wasee wa Bongo, huku Nairobi ni yale yale. Nilifanya structures kwa firm moja, graduate engineer miaka na miaka, kila nikiuliza naambiwa ngoja ukuwe registered na EBK, ile board ya engineers huku. Nikapata ile registration, wakasema sasa ngoja project iingie. Nikapeleka CV kwa firm ingine wakanipea karibu double siku hiyo hiyo. Mimi naona kupanda ndani ya firm moja ni ngumu, lazima uhame.

Kisima Kirefu
Usihame hovyo pia. Wanaopima tenda wanaangalia umekaa na kampuni muda gani, CV yenye kampuni mpya kila mwaka inakula maksi.

Mkaa Saiti
Hameni tu vijana, maksi hazilipi kodi ya nyumba.

Greda la Zamani
Ushauri wangu kwa wadogo zetu ni mmoja, pata P.Eng, yaani usajili wa mhandisi mtaalamu, mapema. Ukimaliza chuo jisajili ERB kama mhandisi mhitimu, ingia SEAP, ile programu ya mafunzo kazini ipo tangu 2003, miaka mitatu chini ya mhandisi anayekusimamia, jaza logibuku kila kazi, usingoje uje ukumbuke mwishoni. Nimeona watu wana uzoefu wa miaka nane wanalipwa kama waliotoka chuo jana kwa sababu usajili wao haujapanda, na kwenye tenda bila usajili huo nafasi nyingi nzuri hupewi. Ukiwa na P.Eng kampuni inakuhitaji wewe ili ipate kazi, hapo ndo unakaa mezani kuongea hela.

FTC Daima
Na wa FTC, wenye cheti cha ufundi sanifu, waende kujiendeleza, mimi nimeshaanza masomo ya jioni chuo cha DIT. Theodolaiti yaliyopita yamepita.

Theodolaiti
Hongera sana mkuu. Nilikujibu kwa ukali, tusonge mbele.

Mama Nondo
Mimi nimeondoka serikali imeniita, mshahara unaingia tarehe ile ile kila mwezi. Dizaini naimisi sana lakini, huku nasoma kazi za wengine na kuandika maoni.

Mtumaini Ajira
Wakuu, mimi mkataba wangu umeisha mwezi huu na nadai mishahara ya nyuma. Dampi Levo uliendaje CMA? Na je wakikataa kunipa barua ya kwamba nilifanya kazi pale, CV yangu si itakuwa haina ushahidi?

Dampi Levo
Mdogo wangu usikae. Madai ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, madai mengine kama mishahara ni ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda na inaweza ikakataliwa. Unajaza fomu namba moja ya CMA, unampelekea mwajiri nakala na unatunza uthibitisho kwamba ameipokea. Beba mkataba, salary slip, taarifa ya benki inayoonyesha mwezi ambao mshahara haukuingia, na taarifa yako ya michango ya NSSF, ichukue sasa hivi uone kama waliipeleka kweli. Kwa upande wa barua, cheti cha utumishi ni haki yako kisheria mkataba unapoisha, sio hisani. Kiombe kwa maandishi, na uhakikishe kimeandika nafasi uliyoshika na kwenye mradi gani, maana ndo kitakachokulipa kwenye tenda ijayo.

Mtumaini Ajira
Asante sana kaka. Taarifa ya NSSF naifuata kesho asubuhi.

Kifusi G15
Wale wa maji na umeme bado sijawasikia, karibuni. Na kama kuna mtu ametoka ushauri akaenda kwa mkandarasi atuambie huko mishahara ikoje, yule kijana wangu anasoma hapa na ana ofa mezani mpaka ijumaa.