Mrejesho: ile sabufa iliyokuwa inavuma sebule nzima

Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule niliyelalamika kwamba sabufa yangu ya inchi 10 nikiiwasha inavuma mpaka vikombe kabatini vinagongana, ila nikikaa kwenye kochi bezi yenyewe siisikii. Nimefanya mlivyosema.

Kuna mdau alisema niiweke sabufa juu ya kochi pale pale ninapokaa, nipige muziki wenye bezi halafu nitambae kwa magoti kuzunguka kuta huku nasikiliza. Wife kanikuta natambaa akauliza nimepoteza nini 😂 lakini kiukweli hiyo ndo imesaidia kuliko zote, kwenye kona ilikokuwa mwanzo ni mvumo tu, nikisogea kama mita moja karibu na stendi ya tivii bezi inagonga kavu na kila noti unaisikia, basi nikaihamishia hapo.

Halafu kumbe nilikuwa nakata sauti mara mbili, krosova ya nyuma ya sabufa (kile kitufe cha kuchagua sabufa ipige sauti nzito kuanzia wapi kushuka chini) nimeweka 60 Hz na risiva (amplifaya inayoendesha spika zote) nayo 80. Sasa ya sabufa nimeifungua mpaka mwisho, nimeiachia risiva kazi kwa 80 Hz. Swichi ya fezi (ya kugeuza mawimbi ya sauti ya sabufa yaendane na ya spika nyingine) nimejaribu 0 na 180, kwangu 180 ndo bezi inajaa. Voliamu ya sabufa nimeishusha karibu nusu aisee, na bado inatosha.

Kimebaki kimlio cha mmmm hata muziki ukizimwa, nahisi ni waya, nikibadilisha ntawaambia.