Macbeth kaponzwa na mke, au na uchu wake mwenyewe?

Maalim wa fasihi, Chake Chake: Insha nyingi juu ya tanzia hii ya Shakespeare zina jibu moja: mke ndiye aliyemponza. Mie nakataa. Wachawi watatu wanampa salamu tatu: Mkuu wa Glamis, Mkuu wa Cawdor, mfalme ajaye. Kumuua Duncan, mfalme aliyepo, hakukutajwa. Wazo hilo linamjia yeye papo hapo, kimoyomoyo, mkewe hajapata hata barua. Na Banquo, jemadari mwenzake, kasimama ubavuni mwake, kaahidiwa kizazi cha wafalme, wala hakushika jambia. Ramli moja, waliosomewa wawili.

Mwalimu wa sekondari, Mkunazini: Maalim, kwa heshima yako, umeruka tendo la 1, onyesho la 7. Macbeth keshahesabu sababu za kutoua: Duncan ni jamaa yake, ni mfalme wake, tena usiku ule ni mgeni wake. Anamwambia mke waziwazi, jambo hili tuliache. Mke akamshika pabaya, kwenye uanaume wake, kisha akampa mpango: walinzi wawili wa chumbani waleweshwe mvinyo, lawama ya mauaji watupiwe wao. Mtoe mke, Duncan anaamka salama na kuendelea na safari yake.

Mwongozaji wa maigizo, Ng'ambo: Onyesho hilo lisikilizeni kwa sikio la jukwaani. Mfalme yumo chumba cha pili anakula, watumishi wanapita na sahani. Mwigizaji akipiga kelele, mambo yameharibika: watazamaji humwona mume kaonewa. Linataka mnong'ono. Hapo ndipo utasikia Macbeth anauliza nini. Haulizi kama ni haki, anauliza: tukishindwa je? Huyo keshakubali, kilichobaki ni njia. Na huyo mke anayeitwa shetani hakuweza kumchoma Duncan kwa mkono wake, maana alivyolala alifanana na baba yake. Mume akatoka na majambia mkononi kwa kiwewe, badala ya kuyaacha kwa walinzi, ikabidi mke ndiye ayarudishe.

Mwalimu wa sekondari, Mkunazini: La mnong'ono nalichukua, ahsante. Lakini kiwewe hicho hicho ndicho ushahidi wangu. Kazi ile haikuwa imemkaa moyoni, ndiyo maana mikono ikamshinda.

Maalim wa fasihi, Chake Chake: Basi mpime pale mke asipohusika. Tendo la 3 anatuma wauaji wamalize Banquo na mwanawe Fleance, na mke anaambiwa bora asijue kitu. Fleance akaponyoka. Tendo la 4 anaamuru mke na watoto wa Macduff, mkuu mwingine wa Scotland, wauawe, na Macduff mwenyewe keshakimbilia Uingereza. Vifo vile havimwongezei usalama hata chembe. Hapo kasukumwa na nani?

Mwalimu wa sekondari, Mkunazini: Na wachawi, Maalim. Ndiyo kwanza katoka kwao, kaambiwa ajihadhari na Macduff.

Maalim wa fasihi, Chake Chake: Na Macduff, naam. Watoto hawakutajwa.