Ni nini hasa kinachomsukuma mtu kutamani biashara yake mwenyewe?

Mwajiriwa wa Ilala:
Wanajukwaa, salaam. Nimeajiriwa kwa miaka 11 sasa, na ofisini kwetu kila mtu anazungumzia kufungua duka au kununua bodaboda, ilhali mshahara unaingia kila mwezi. Naomba kuuliza: ni uhaba wa kipato, ni kuchoka kuamrishwa, au tunaigana tu?

Kisiki:
Kwa wazazi wetu jibu lilikuwa njaa. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mtumishi wa umma ulikuwa haumfikishi mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwalimu alikaanga maandazi na karani akafuga kuku uani, nao wakaiita kazi hiyo "mradi", nadhani kwa sababu neno biashara lilikuwa bado linanuka ubepari. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha, na masharti hayo hayakulegezwa mpaka Azimio la Zanzibar la 1991.

Mama Genge:
Mwanangu, usiidharau hiyo sababu ya kuchoka kuamrishwa. Mimi niliacha kazi ya kiwandani siku niliyonyimwa ruhusa ya kumpeleka mtoto zahanati. Kwa miaka miwili ya mwanzo genge langu liliniingizia pungufu ya ule mshahara, lakini nililifunga na kulifungua nilipotaka.

Mhasibu wa Kikundi:
Iko sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba mtaji wenyewe huzaa hamu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kilizaliwa baada ya kusikia habari hizo, tukaandika andiko la mradi wa sabuni wakati hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutengeneza kipande kimoja. Sabuni ilikataa kuganda, na tarehe za marejesho hazikutusubiri.

Mwajiriwa wa Ilala:
Nashukuru. Nami nilinyimwa ruhusa mwezi uliopita, na nikijichunguza naona hamu yangu ilianzia hapo. Mama, ulianza na mtaji kiasi gani?

Mama Genge:
Tenga moja la nyanya, tena la mkopo. Nililipa jioni ileile.