Shifta fupi kwenye Impreza WRX gia tano, nifunge mwenyewe au nipeleke gereji?

mlima_uluguru:
Habari zenu wakuu. Nina Impreza WRX ya 2003, bodi GDA, injini EJ205 ya turbo, gia tano za mkono. Nimeinunua mwaka jana hapa hapa Moro na naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki, ila liva ya gia ndo inanitesa. Safari yake ndefu mno, nimeweka rula pembeni nikapima kutoka tatu kwenda nne kichwa cha liva kinatembea sentimita 14, na hata ikishaingia kwenye gia bado inacheza kushoto kulia kama kijiko kwenye kikombe. Wiki iliyopita napanda Kitonga nyuma ya lori la mbao, niko tatu nataka mbili, nikavuta liva ikaenda nne, gari ikalegea pale pale kwenye kona na nyuma yangu kuna basi limewasha taa zote. Niliogopa kweli.

Sasa kuna jamaa Ilala ana shifta fupi (liva ya gia yenye safari fupi) used ya WRX gia tano, anasema imetoka Japani. Maswali yangu ni haya, je itaua sinkro za gia boksi (zile pete za kulainisha gia kuingia)? Naweza kufunga mwenyewe, nina jeki, stendi nne na boksi la spana? Na kuna fundi kaniambia nisihangaike kununua, atakata liva yangu atoe kipande katikati aunge kwa welding, shughuli ya nusu saa. Nishaurini kabla sijatoa hela.

spana12:
Mdogo wangu pole na Kitonga, pale sio pa kukosea gia.

Kabla hujaenda Ilala fanya kitu kimoja. Zima injini, handbreki juu, weka gari kwenye stendi (usilale chini ya jeki hata kwa dakika moja, tafadhali), mwambie mtu akae kwenye siti aisukume liva taratibu mbele na nyuma kidogo kidogo, wewe uko chini na tochi. Utaona rodi mbili zinatoka kwenye liva kwenda mbele. Moja ndo inayosukuma gia, nyingine ni stei, kazi yake ni kuishikilia liva isikimbie. Sasa angalia nani anaanza kutembea. Kama liva imeshasogea na rodi haijasogea, bushi za joint zimeisha. Kama stei nzima inacheza juu chini pamoja na liva, basi ile raba ya nyuma inayofunga stei kwenye bodi imekatika au imekuwa laini kama ndizi iliyoiva sana. Gari ya 2003 kama hazijawahi kubadilishwa nakuhakikishia zimeisha, joto la ekzosi liko pale pale jirani yake miaka yote hiyo.

Hiyo kucheza kushoto kulia ndo iliyokupeleka nne, sio urefu wa liva. Ukifunga shifta fupi juu ya bushi mbovu utakuwa na liva fupi isiyojua inakwenda wapi, hapo ndo hatari zaidi maana njia za kuingilia gia zimesogeleana. Nunua bushi kwanza, ya nyuma ya stei, ya mbele ya stei inayokaa kwenye gia boksi, na za joint. Zile za poli (polyurethane, ngumu kuliko raba) ni nzuri ila utasikia mtetemo kidogo kwenye liva, kama hupendi chukua raba mpya za kawaida.

gia_ya_tatu:
Kaka usikubali liva ikatwe!! Mimi yalinikuta, fundi mmoja alinikatia liva akaniungia, sikatai kazi yake ya welding ilikuwa imenyooka, lakini joto lilishuka mpaka kwenye lile yai la liva (duara la chuma ambalo liva inazungukia), plastiki inayolishika ikayeyuka upande mmoja. Ndani ya wiki mbili gia ya tano ikawa haipatikani mpaka uisake, na liva ikawa inapiga kelele kama bati. Nikatafuta liva nzima used nikabadilisha. Halafu kitu kingine ukikata juu kichwa cha liva kinashuka, mimi mrefu nilikuwa nainama kutafuta gia kwenye foleni ya Mbezi, bega likawa linauma.

Kuna njia ya bei ndogo, tafuta kichwa cha liva kizito cha chuma. Uzi wa Subaru ni M12x1.25 angalia usije ukauziwa cha uzi mwingine. Safari haipungui hata milimita ila ule uzito unasaidia liva kuingia yenyewe, mkono haupigani nayo.

vipimo_sahihi:
Naomba niongeze kwa nini kukata juu na kurefusha chini sio kitu kimoja, maana watu wengi wanachanganya.

Liva ni mzani, ina egemeo katikati. Chukua mfano wa liva ambayo juu ya egemeo ina sm 28 na chini ina sm 5. Uwiano ni 5.6, kwa hiyo rodi ya chini ikihitaji kutembea sm 2 ili gia iingie, mkono wako unatembea sm 11.2. Shifta fupi ya kiwandani inarefusha chini, tuseme ikawa sm 6.5, uwiano unashuka mpaka 4.3 na mkono unatembea sm 8.6. Kichwa kimebaki pale pale ulipokizoea, safari imepungua karibu robo. Ukikata juu sm 5 unapata 4.6, yaani sm 9.2, safari imepungua lakini kichwa kimezama chini. Na njia zote mbili zinakudai nguvu, kwenye ule mfano wa kurefusha chini mkono utasukuma kwa asilimia 30 zaidi ili gia boksi ipate nguvu ile ile.

Ndo tunafika kwenye sinkro. Zile pete za shaba kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia na shafti kabla meno hayajaingia, na zinahitaji muda wake hata ufupishe liva namna gani. Shifta fupi yenyewe haiui kitu. Kinachoua ni dereva kuona safari imekuwa fupi basi naye anaharakisha, anaipiga liva kabla pete haijamaliza kazi, na wa kwanza kulia ni gia ya pili. Ukishika liva ukaisukuma mpaka ukahisi imegoma kidogo halafu ikajiachia, hapo pete imemaliza, malizia. Kama gia ya pili inakwaruza sasa hivi kabla hujafunga chochote basi usifunge, itazidi.

mama_turbo:
Ndugu yangu unaweza kufunga mwenyewe, mimi na kaka yangu tulifunga kwenye Forester ya turbo gia tano, mpangilio karibu sawa na wako. Ilituchukua Jumamosi nzima kuanzia saa mbili asubuhi, mtu mwenye uzoefu atamaliza kabla ya mchana.

Usiku wa kuamkia pulizia dawa ya kutu kwenye bolti za ekzosi, usisahau hili, tulichelewa masaa mawili mazima kwa ajili ya bolti moja tu. Asubuhi toa kichwa cha liva, toa konsoli, toa zile raba mbili za kuzuia vumbi. Ukienda chini subiri ekzosi ipoe kabisa, shusha kipande cha katikati, halafu toa shildi ya joto, ni bati jepesi lenye nati ndogo ndogo, ziweke kwenye kikopo. Hapo ndo rodi na stei zinaonekana vizuri. Spana namba 12 inafungua nyingi. Rodi fungua kwenye joint, stei fungua kwenye gia boksi, mwisho bolti za ile raba ya nyuma kwenye bodi, liva na stei vinateremka pamoja kwa chini. Propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) sisi hatukuitoa, nafasi ni finyu ila mkono unapita, ukiichomoa mbele mafuta ya gia boksi yatamwagika na utakuwa umejiongezea kazi.

Kwenye meza sasa ndo hamisha liva, safisha lile yai, paka grisi mpya, gonga bushi mpya zote. Raba yetu ya nyuma ilikuwa imepasuka nusu mzunguko, ukiibinya kwa vidole ufa unafunguka kama mdomo, na ukiitazama juu juu unaona nzima!

Ukirudisha, kabla ya konsoli zima injini kanyaga klachi pitisha gia zote tano na rivasi. Angalia tatu na moja mkono haugongi dashibodi na rivasi inaingia mpaka mwisho. Ukifunga konsoli kwanza halafu ukakuta kitu kinagusa utalia.

Rift_Runx:
Sasa watu wa bongo. Mimi niko Nakuru na RunX, nataka tu kuwaambia wenye Corolla, Allex, Vitz na nyingine zinazovutwa na tairi za mbele mkisoma hii msiende kununua hiyo kitu ya Subaru, zenu zinatumia kebo mbili si rodi. Kwangu shida ilikuwa ni bushi za mwisho wa kebo pale juu ya gearbox, plastiki zilikuwa zimekufa kabisa, nikaweka mpya na gia zikarudi vile zilikuwa, hata shifta fupi nikaona siihitaji tena. Na boss mwenye Subaru, hakikisha hauuziwi ya STI ya gia sita, haiwezi ingia kwa gia tano.

mlima_uluguru:
Wakuu asanteni sana, shikamoo spana12 maana naona wewe ni mkubwa wangu. Nimefanya kile kipimo jana jioni na mdogo wangu akiwa kwenye siti. Liva inasogea kama vidole viwili ndo rodi inaamka, na stei inapanda na kushuka. Gia ya pili haikwaruzi hata ya baridi asubuhi. Kitu kingine nilichogundua, gari ikiwa imesimama injini inawaka gia ya kwanza inagoma kidogo kuingia, nikizima inaingia laini. Hiyo nayo ni bushi?

spana12:
Marahaba mdogo wangu. Hapana hiyo sio bushi, hapo klachi haiachii yote. Angalia mafuta ya klachi kwanza, yakiwa meusi toa yote weka mapya utoe na upepo, kagua silinda ya juu na ya chini kama zinavuja. Lishughulikie hilo kabla ya shifta, maana klachi isiyoachia ndo inayokula sinkro kimya kimya.

Na ukiwa chini badilisha na mafuta ya gia boksi. Subaru hii gia boksi na difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa tairi za mbele) wanakunywa mafuta mamoja, kwa hiyo lazima iwe daraja la GL-5, unene 75W-90, kama lita 3.5, usikubali mtu akuwekee ATF (mafuta ya gia boksi za otomatiki) eti gia zitakuwa laini, difu itakufa. Kipimo soma kwenye dipstiki ya gia boksi yenyewe, gari ikiwa imelala sawa.

mlima_uluguru:
Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Klachi ilikuwa silinda ya chini inavuja, nimeweka mpya. Bushi zote mpya, ya nyuma ya stei nimeweka poli. Kwa bushi peke yake na liva ile ile ya zamani nimekaa siku nne kabla ya kufunga shifta, nilitaka nione tofauti ya kila kitu kivyake, na kwa kweli kama pesa ingekuwa imeisha ningebaki hapo hapo nikiwa na furaha. Ule mchezo wa kushoto kulia umekufa. Halafu nikafunga shifta, rula inasoma sentimita 10 na nusu, kwanza mkono unaona uzito ila siku ya pili umeshazoea. Jumapili nimepita Kitonga kwenda Iringa, tatu kwenda mbili, liva imeenda nilipoipeleka mara zote.

Kimebaki kitu kimoja, injini ikifika kama mizunguko 3,000 kwa dakika kuna mlio wa zzzz unatoka chini ya konsoli. Ni ile poli?

mama_turbo:
Poli inatetemesha mkono, hailii zzzz. Kaangalie nati za shildi ya joto, hasa za nyuma.

mlima_uluguru:
Dada umepatia. Nati ya nyuma kushoto haikuwepo kabisa. Nimefunga mpya pamoja na washa yake (ile pete ya chini ya nati), sasa hivi nimetoka kuijaribu mpaka Mikese na kurudi, kimya.