Msaada: Nathibitishaje kwamba mji wetu wa Massachusetts ulicheza besiboli mapema?

Mgeni_wa_Worcester: Wakuu, salaam. Nasaidia chama cha historia cha mji mmoja karibu na Worcester. Ushahidi uliopo ni makala ya gazeti ya 1905: mzee anasema besiboli ilichezwa hapa miaka ya 1830. Nianzie wapi, na makala hiyo ina uzito gani?

Kabati_la_Nyaraka: Karibu mkuu. Makala hiyo ihesabu kuwa ni ushahidi wa 1905, siyo wa 1830. Mwaka huohuo wa 1905 Abner Graves aliandika barua kwamba Abner Doubleday alibuni besiboli Cooperstown mnamo 1839. Tume ya Mills, iliyoundwa kuchunguza asili ya besiboli, ikaikubali, Marekani nzima ikaamini. Kumbe mwaka ule wa 1839 Graves alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, na Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Kwa hiyo toa katika makala ya mzee wako majina ya watu, uwanja na majira, kisha utafute karatasi iliyoandikwa wakati uleule.

Anza na ofisi ya karani wa mji. Omba daftari za mikutano ya mji, 1780 hadi 1840, usome sheria ndogo. Pittsfield, magharibi mwa jimbo hilohilo, ilipiga marufuku michezo ya mpira ndani ya yadi 80 za jumba jipya la ibada mwaka 1791, ili madirisha yasivunjwe, na besiboli imetajwa kwa jina. Sheria hiyo ilikaa kwenye makaratasi hadi 2004, mwanahistoria wa besiboli John Thorn alipoifuatilia. Faharasa za daftari hizi haziandiki "michezo", kwa hiyo angalia chini ya madirisha, faini na jumba la ibada.

Safu_ya_Tatu: Naongezea upande wa magazeti. Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni bure, lakini magazeti mengi ya miji midogo hayamo; hayo yapo kwenye mikrofilamu katika maktaba za umma.

Usitafute "baseball" peke yake. Karne ya 19 waliandika "base ball" na "base-ball", na New England (majimbo ya kaskazini-mashariki, Massachusetts ikiwemo) waliita pia "round ball". Katika machapisho ya kabla ya 1800 hivi, herufi s ya katikati ya neno ilichapwa kwa umbo linalofanana na f, hivyo kompyuta husoma "bafe". Neno likikatwa mwisho wa mstari, halionekani kabisa. Nawe ukiandika "ball" tupu utaletewa matangazo ya dansi mia, maana neno hilo pia ni dansi.

Njia ya haraka kuliko zote: fungua magazeti ya Aprili, kabla na baada ya Fast Day, siku ya kufunga na kuomba ya Massachusetts. Watu hawakwenda kazini, vijana wakatoka kucheza mpira. Soma kwa macho ukurasa wa habari za mji. Ikiandikwa "Alhamisi iliyopita", hesabu kutoka tarehe ya toleo.

Nguzo_Nne: Ukipata mechi, usikimbilie kuiita besiboli ya leo. Mchezo wa Massachusetts, kwa kanuni zilizopitishwa mjini Dedham 1858, ulikuwa na nguzo za futi nne badala ya besi (vituo ambavyo mkimbiaji hupitia), zikiachana futi 60. Wachezaji 10 hadi 14 kila upande. Akitoka mmoja, upande mzima umetoka. Na mkimbiaji alitolewa kwa kupigwa mpira mwilini. Ndiyo maana mpira ulikuwa mwepesi, aunsi 2 hadi 2¾. Mshindi ni wa kwanza kufikisha pointi 100. Mechi ya timu za miji ya Upton na Medway, iliyochezwa Worcester 1860, ilichukua siku kadhaa na haikuisha.

Kanuni za New York, zilizozaa besiboli ya leo, hazikuruhusu kumpiga mkimbiaji, na zamu tisa za kupiga kwa kila upande zilikuja 1857. Kabla ya hapo walicheza hadi pointi 21. Ukikuta matokeo ya 21 ya mwaka 1855, usiyasome kama mechi ya zamu tisa.

Mgeni_wa_Worcester: Shukrani sana. Majina ya wachezaji nayahakikishaje?

Kabati_la_Nyaraka: Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuorodhesha kila mtu huru kwa jina na umri, na kazi kwa wanaume wa zaidi ya miaka 15; ya 1840 ina wakuu wa kaya tu. Linganisha na orodha za walipa kodi. Jina la ukoo peke yake halitoshi, ndugu na binamu walikuwa kwenye timu moja.

Ukiandika, usiseme "mji wa kwanza". Sema "kumbukumbu ya kale zaidi iliyopatikana hapa hadi sasa", halafu taja gazeti, tarehe, ukurasa, safu, na maneno yenyewe kama yalivyochapwa. Nakala wapelekee Protoball, wanaokusanya kumbukumbu za aina hii, kwa sababu huenda mji jirani tayari wana nusu ya pili ya mechi yako.